Mchoraji wa Dodoma, anza kuuza Dodoma

Kijana mmoja wa Kondoa ameniandikia wiki hii. Anachora mandhari, picha zimemjaa chumbani, na wenzake wanamshawishi ahamie Dar es Salaam kwa sababu eti huku kwetu hakuna anayenunua sanaa. Anauliza mimi nimewezaje. Wanaoniuliza hivyo ni wengi, kwa hiyo namjibia hapa.

Mdogo wangu, hata mimi niliambiwa hivyo hivyo. Wengine waliniambia nichore Tingatinga, maana ndiyo mtalii anayoitafuta. Namheshimu sana marehemu Edward Saidi Tingatinga na wanaoendeleza mtindo wake, lakini wanyama wa mbugani wana wachoraji wao tayari. Mimi nimekulia Ugogo. Nilitaka kuchora mbuyu wa Septemba uliopukutika majani, gome lake la kijivu likigeuka zambarau jua linapozama, na udongo mwekundu chini yake. Nani angeuchora kama si mimi niliyechunga mbuzi pale?

Mara ya kwanza kuonyesha kazi zangu hapa mjini ilikuwa kwenye hoteli moja, jina lake naliacha. Walisema tundika, wageni wataona, ikiuzwa tunagawana. Picha zikakaa miezi. Baadhi ziliuzwa na hela sikuiona. Meneja akaondoka, aliyekuja akasema hakukabidhiwa chochote. Hadi leo nikipita barabara ile moyo unafukuta, kwa sababu watu wale wasingethubutu kumfanyia hivyo anayewauzia kuku. Basi wewe dai karatasi: jina la picha, ukubwa, bei, mgawo wao, tarehe ya kurudisha, sahihi zenu wote. Anayekataa kusaini ameshakuonyesha nia yake.

Mambo yalibadilika kwenye viwanja vya Nanenane, Nzuguni. Ndugu yangu alikuwa na banda la mvinyo, akanipa upande mmoja wa ukuta. Nikatundika mashamba ya zabibu ya Hombolo, Mlima Simba asubuhi, na bwawa la Bahi wakati wa masika, maji yamepanda hadi kwenye matete. Watu wakawa wanapita, wanachungulia, wanaendelea. Akaja mzee mmoja na mkongojo wake, akasimama mbele ya Bahi. Hakuniuliza bei. Aliweka kidole karibu na kona ya chini akasema, "Hapa tulikuwa tunategea kambale." Akamwita mwanawe, akamwita na mkwewe, akaanza kuwaeleza wapi palikuwa na njia na wapi ng'ombe walinyweshwa. Nilikuwa nimechora sehemu ile ile! Yule mwana, mtumishi wa serikali aliyekuwa amejenga Iyumbu, akauliza bei. Nikamwambia laki tatu na nusu. Akataka laki mbili. Nikamjibu kwa heshima kwamba bei ndiyo hiyo, ila anaweza kulipa mara mbili. Akalipa nusu palepale, nyingine mwisho wa mwezi.

Tangu siku ile najua ninamchorea nani. Mtu ananunua mahali anapopajua. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, nyumba zimeota kila upande wa mji huu, na kuta zake ni tupu. Wenye nyumba hizo ni watu wa Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, wana kwao. Kwa hiyo andika jina la mahali nyuma ya kila picha, na uwe tayari kupaeleza. Onyesha kazi mahali wanapopita watu wa kwenu: kwa fundi wa fremu, kwenye harusi, sokoni siku ya gulio. Nasema tena, mahali wanapopita watu wa kwenu.

Wageni nao wapo, hasa tangu treni ya SGR ianze safari za Dar mwaka 2024. Hao usiwabebeshe fremu. Vua kanvasi, hakikisha rangi imekauka kabisa, iviringishe upande wa rangi ukiwa nje ili isipasuke, itie kwenye bomba la plastiki.

Bei usiiteremshe kwa aibu. Piga hesabu ya kanvasi, rangi, fremu, nauli na siku zako, halafu simama hapo. Mwenye kipato kidogo mchoree picha ndogo, usimpunguzie kubwa. Vijana wetu tunajidharau mno! Tunaona haya kutaja bei ya kazi ya mikono yetu, kisha tunalalamika kwamba watu hawathamini sanaa. Watathaminije kitu ambacho mwenyewe unakitaja kwa kunong'ona?

Na wewe unatoka Kondoa, jamani. Michoro ya miamba ya Kolo imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, watu wanasafiri kutoka mbali kuiona. Vilima vile vinavyoizunguka umeshavichora? Kama bado, vichore kwanza, kisha ulizia pale Kolo ni nani wa kuzungumza naye kuhusu kuvionyesha, na karatasi ya makubaliano uende nayo mkononi.