Kabla hujafupisha mkono wa gia, soma kirungu

Kijana akiingia gereji na Altezza ya gia sita hapa Tanga, hasemi gari linaumwa. Anasema, "Fundi, nataka gia iwe fupi." Anakuonyesha video kwenye simu: dereva anatikisa kiganja tu, gia imeshaingia. Kifaa chenyewe, shifta fupi, yaani mkono wa gia wenye safari fupi, anacho tayari kwenye boksi, kaagiza Dar au kaletewa na jamaa yake. Na wewe mdogo wangu uliyemaliza chuo juzi, mkono unakuwasha kushika spana, maana kazi yenyewe ukiitazama ni ya asubuhi moja: fungua konsoli, lile kasha linalozunguka mkono wa gia, toa mkono wa zamani, weka mpya, funga.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Ndiyo maana naanza na gari lililonirudia.

Ilikuwa Altezza RS200, ile ya injini ya 3S-GE. Shifta fupi niliifunga usiku kwa tochi ya simu, kwa sababu mwenye gari alikuwa na safari ya Muheza alfajiri. Injini ikiwa imezimwa nilijaribu gia zote, zikaingia. Nikapokea changu. Saa mbili asubuhi simu inalia, kijana yuko Pongwe: "Kaka, gia ya pili inatema." Yaani inaingia, kisha inajitoa yenyewe. Akarudi amenuna. Nikaanza kulilaumu sanduku la gia: gari la siku nyingi, sinkronaiza, zile ringi za kulinganisha mwendo wa gia, zimekwisha, zile hadithi tunazowapa wateja tukikwama. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa juu ya tairi na kikombe chake cha kahawa chungu. Hakusogea. Aliuliza tu, "Ya nne je?"

Nikatoka nalo, nikazunguka. Ya nne nayo ilikuwa inarudi ukiachia mafuta. Ya sita kijana hakuwahi kuifikia. Moja na tatu zilikaa kama zimepigiliwa misumari. Niliporudi mzee akanyoosha kikombe kuelekea kwenye kirungu, kule juu kulikochorwa namba.

Utazame mchoro ule vizuri. Moja, tatu na tano ziko mbele. Mbili, nne na sita ziko nyuma. Gia mbili za njia tofauti, kama ya pili na ya nne, haziwezi kuchakaa kwa pamoja usiku mmoja. Kinachozifanya ndugu ni upande zinakoelekea. Kwa hiyo kuna kitu kinauzuia mkono usirudi nyuma mpaka mwisho. Nikavua konsoli: raba ya vumbi nilikuwa nimeifunga vibaya, imejikunja nyuma ya mkono, nene kama kidole gumba, na kila gari likitikisika inausukuma mkono mbele. Nikaikunjua, nikaikalisha kwenye mfereji wake. Kazi ya dakika kumi, baada ya asubuhi nzima ya aibu.

Tangu siku ile kirungu ndicho kipimo changu cha kwanza. Ikisumbua safu nzima, ya mbele au ya nyuma, tafuta kizuizi: raba, ukingo wa konsoli, bolti ya kikomo. Zikikataa gia mbili za ubavu mmoja, tuseme moja na mbili, na nyingine zote ni nzuri, anza na marekebisho ya pembeni, huenda mkono haufiki upande ule. Gia moja peke yake ikitema huku mwenzake wa njia ileile yuko salama, hapo ndipo una haki ya kulishuku sanduku. Zikiwa ngumu zote, iache shifta, nenda kwenye klachi. Kanyaga klachi mpaka chini, hesabu polepole mpaka tatu, tia rivasi. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri, na hakuna mkono wa gia duniani utakaoiponya.

Sasa hesabu yenyewe, maana wengi wanafunga kitu wasichojua kinafanya nini. Mkono wa gia ni wenzo. Una egemeo, lile tufe linalocheza ndani ya bakuli lake. Tuseme juu ya egemeo una sentimeta 24 na chini sentimeta 4. Ni sita kwa moja. Ncha ya chini ikitakiwa kusogea milimita 10, kirungu kitasafiri milimita 60. Refusha sehemu ya chini iwe sentimeta 5 na juu ibaki 24: kirungu sasa kinasafiri milimita 48. Umekata safari kwa asilimia 20. Lakini mkono wa dereva utasukuma kwa nguvu zaidi kwa asilimia 25, kwa sababu sanduku halijapunguziwa kazi hata kidogo. Hilo mwambie mteja kabla hajalipa. Wengi wanadhani fupi maana yake ni laini, na siku ya kwanza wanakurudia wakidhani umeharibu.

Wapo wanaokata juu kwa msumeno, wanachonga upya nyuzi za kukazia na kurudisha kirungu. Safari inapungua kweli, ila kirungu kinazama chini, mbali na usukani, na dereva anakuwa anainama kukitafuta. Wapo pia wanaochomelea kipande kwenye ncha ya chini bila kupandisha egemeo. Hiyo usithubutu. Ncha inagota chini ya kikombe cha plastiki kinachoipokea, na ulichopata si shifta fupi, ni nyundo. Ukirefusha chini kwa sentimeta moja, egemeo lazima lipande sentimeta moja. Ndiyo maana vifaa vya maana huja na bakuli lake au bamba la kuinulia.

Kabla ya hayo yote, shika mkono wa zamani gari likiwa kwenye gia, uucheze kushoto na kulia. Ukiyumba kama jino bovu, tatizo ni bushi. Magari ya gia ya fito, kama Subaru, yana fito mbili chini: moja inachagua gia, nyingine inashikilia kikalio cha mkono kisikimbie. Bushi na kiungo vikilegea, safari unayoilalamikia nusu yake ni ulegevu mtupu. Yupo mteja wa Raskazone aliyekuja kufungiwa shifta fupi, nikambadilishia bushi na raba ya nyuma, akaenda kujaribu. Aliporudi alisema kifaa chake atamwuzia mwenzake. Nilikosa hela ya ufundi siku hiyo, sikatai, lakini gari lake halijaenda kwa fundi mwingine tangu wakati huo. Magari ya gia za kebo nayo yana mambo yake: bushi za ncha za kebo zikilika, unasukuma hewa. Tazama na maunti, zile raba zinazoshikilia injini. Zikiwa zimekatika, injini inalala ukikanyaga mafuta, na kama ni fito inavuta mkono, unaona kirungu kinasogea chenyewe.

Kuhusu Subaru zilizolala karibu na bahari, niseme neno. Chumvi ya hapa inaishika ile pini iliyopigwa kwenye kiungo cha fito mpaka unadhani imechomelewa. Weka mafuta ya kulegeza kutu jioni, uiache ilale, asubuhi rudi na panchi, ile tindo ya duara, nyembamba kidogo kuliko pini. Usilete moto wa gesi pale. Hatua chache tu kutoka kwenye pini kuna oili sili, raba ya kuzuia oili isivuje, ya fito inayoingia kwenye sanduku. Ukiiunguza, mteja aliyekuja kutafuta raha ataondoka na gari linalodondosha oili.

Kwenye Altezza kazi inafanyika juu, ndani ya gari, na hatari yake ni tundu. Ukishatoa bamba na kuuchomoa mkono, unatazama ndani ya sanduku la gia lililo wazi. Kabla hujageuka kutafuta kitu chochote, ziba tundu hilo kwa kitambaa safisafi kisichotoa nyuzi, kikubwa, chenye rangi ya kuonekana. Washa moja ikidondoka humo utashusha sanduku zima. Hesabu bolti ulizotoa, ziweke kwenye kifuniko cha chupa. Halafu angalia ncha ya mkono wa zamani: kile kikombe cha plastiki kimetoka nacho, au kimebaki chini? Kikibaki na ukatia kipya juu yake, gia zitaingia kwa shida na utazunguka siku nzima. Kikiwa kimepasuka, tafuta vipande vyote mpaka vitimie.

Grisi weka kwenye tufe na kwenye kikombe, ya kutosha kulainisha, si ya kupaka mkate. Bushi za poliyurithini zipewe grisi ya silikoni. Raba iliyotoboka badilisha, maana ndani ya gari itapanda harufu ya oili, joto na mngurumo, na mteja atasema shifta yako ndiyo inayopiga kelele.

Sasa vikomo, mahali vijana wengi wanapoharibu. Shifta nyingi fupi zina bolti za kuzuia mkono usipite mpaka. Kazi yake ni kulinda uma za ndani, zile zinazosukuma gia, dhidi ya dereva mwenye hasira, basi. Tia gia mpaka mwisho kabisa, ushikilie mkono hapo bila kuusukuma, kaza bolti mpaka iguse, kisha irudishe nyuma ubaki mwanya kama milimita moja, ndipo ufunge nati yake. Ukiibana mpaka mkono ukakaa kama umeganda, unajisikia fundi kweli, lakini meno ya gia yanashikana nusu. Barabarani itatema, na kila ikitema kingo za meno zinazidi kuwa mviringo, mpaka hata ukirekebisha haikai tena.

Ukijaribu injini ikiwa imezimwa, usishangae gia moja ikikataa. Meno yamekutana uso kwa uso. Achia klachi, mwenzako aliye nje alisukume gari kidogo, jaribu tena. Usipige mkono kwa kiganja. Tena usifanye nilivyofanya mimi, kuliamini jaribio la uani. Lirudishie konsoli na raba zake zote, toka nalo barabara ya Pongwe, oili ipate moto. Kwa kila gia kanyaga mafuta, achia ghafla, kanyaga tena. Gia isiyokaa sawasawa inajitangaza hapo.

Mwenye gari naye mfundishe. Safari ikiwa fupi mkono unashawishika kukimbiza gia, na ringi za sinkronaiza zinahitaji nafasi ndogo ya kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana. Akisikia ukinzani, asubiri, asilazimishe. Na asipumzishe mkono juu ya kirungu akiwa safarini. Uzito huo unaisukuma uma isugue kwenye mfereji wake njia nzima.

Bolti za bamba zikaze tena baada ya wiki. Zile za chuma juu ya raba huwa zinajilegeza.

Wiki iliyopita limeingia gari la gia sita, mwenyewe anataka shifta fupi, na juu yake kaweka kirungu cha dukani kinachong'aa, kimechorwa gia tano. Kabla sijagusa spana nilikata utepe wa karatasi, nikamwambia akae kwenye usukani, akanitajia gia moja moja anavyozitia, nikazichora na kuubandika utepe kwenye dashibodi. Ya tano na ya sita alizitaja kwa kusitasita. Miezi minne analo, na ya sita hakuwa ameitia hata mara moja.