Huzuni inapojitokeza: majibu ya maswali yenu

Mama wa Majengo, Moshi: Tangu tumzike mume wangu kihambani, kifua kinanibana na usingizi sipati. Nimepimwa moyo, nimeambiwa ni mzima. Watoto wanasema ni mawazo tu. Huzuni inaweza kufika moyoni kweli?

Pole sana kwa msiba, mama. Inafika, na madaktari wa moyo huiona kwenye picha. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliueleza ugonjwa uitwao takotsubo. Mtu anapata mshtuko mkubwa, kama kufiwa. Adrenalini, homoni ya mshtuko, inafurika mwilini. Upande wa kushoto wa moyo unalegea na kutuna nchani, hadi unafanana na chungu ambacho Wajapani hutegea pweza. Dalili zake ni zilezile za shambulio la moyo, ila mishipa haijaziba. Wagonjwa wengi ni wanawake waliokwishakoma hedhi, na wengi wao hupona baada ya wiki chache.

Wewe umepimwa ukaonekana mzima, lakini watoto wasikupuuze. Hapa kwetu mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, mara nyingi huingia kwa daktari akilalamika kichwa, moyo kwenda mbio au mwili kukosa nguvu, na msiba hautaji mpaka aulizwe. Rudi hospitali, na safari hii anza na msiba, kifua kifuate. Kikibana ghafla au ukikosa pumzi, nenda saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Muuza vitunguu, soko la Kilombero, Arusha: Nikiwa na majonzi nauza bei ya kutupa. Ni mimi peke yangu?

Hapana. Katika utafiti wa Marekani uliotoka 2004, watu walioonyeshwa kipande cha filamu ya kusikitisha walikubali kuuza kitu kwa bei ya chini kuliko wengine, na walipokuwa wanunuzi walitoa zaidi. Panga bei yako ya mwisho kabla hujatoka nyumbani.

Mwongoza watalii, Arusha: Wageni huniuliza kama tembo huomboleza. Niwajibuje?

Waambie kilichoonekana. Kule Amboseli, hifadhi ya Kenya upande wa pili wa Kilimanjaro, watafiti waliwawekea tembo mafuvu: la tembo, la nyati na la kifaru. Matokeo yalichapishwa 2006. Tembo walikawia zaidi kwenye la mwenzao, wakilinusa na kuligusa. Lakini walipowekewa mafuvu ya majike wakuu watatu, viongozi wa koo zao, mmoja akiwa wa ukoo wao, hawakuonyesha kumtambua. Kwa hiyo usiwaambie kwamba tembo huzuru makaburi ya ndugu zao.

Kisha wasimulie ya Gombe, hifadhi ya sokwe kule Kigoma. Mwaka 1972 sokwe mzee aliyeitwa Flo alikufa. Mwanawe Flint, wa miaka minane, hakuwa mnyonyaji tena, lakini aliacha kula, akajikunyata, akadhoofu, naye akafa baada ya wiki chache. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake walikuwepo wakiyaandika. Wapo wanasayansi wanaokwepa kuyaita hayo majonzi. Mimi sioni sababu ya kukwepa.

Mwanafunzi wa kompyuta, Njiro: Nataka kutengeneza programu ya kutambua huzuni kwenye jumbe za Kiswahili. Nianzie wapi?

Usianze na orodha ya maneno. Aliyefiwa akiulizwa hali huandika "Tunamshukuru Mungu", na programu inayohesabu maneno itaona furaha. Chukua mazungumzo mazima, kwa idhini ya wenyewe, uwape watu watatu wa hapahapa wayasome na kuonyesha palipo na huzuni, kila mmoja kivyake. Wakitofautiana, wakutanishe waelezane walichokiona.