Entebbe hadi Guangzhou: usikubali tiketi mbili

Usilipe kwanza. Umeuliza ni kilomita ngapi na saa ngapi kutoka Entebbe hadi Guangzhou, China, kilo ngapi za mzigo zinaruhusiwa na mwezi gani nauli hushuka, lakini kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, kwamba wakala amekutafutia tiketi mbili tofauti za kupitia Dubai kwa sababu ni nafuu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Umbali ni kama kilomita 9,000 kwa mstari ulionyooka, na ukipitia Dubai unaongeza kama 500. Ukigawanya kwa mwendo wa ndege, kilomita 900 kwa saa, unapata saa kumi na nusu, na hapo ndipo unapopotea, kama nilivyopotea mimi niliyewahi kufundisha hesabu darasa la saba (wanafunzi wangu wa zamani, tafadhali msisome).

Wakala wangu, kijana wa tai na kikokotoo, alinipigia hesabu hivi: Entebbe hadi Dubai ni kilomita 3,700, mwendo wa saa tano, unaondoka saa kumi jioni, unafika saa tatu usiku, na ndege ya pili inaruka saa sita kasoro dakika tano, kwa hiyo una karibu saa tatu za kunywa chai. Hakukumbuka, wala mimi sikukumbuka, kwamba Dubai iko mbele yetu kwa saa moja. Tulitua saa nne za huko, na kaunta ya ndege ya pili ilikuwa inafungwa saa moja kabla ya kuruka.

Hata hivyo, si saa hiyo iliyoniangamiza. Tiketi zikiwa mbili, shirika la kwanza huhesabu kwamba kazi yake imekwisha Dubai: sanduku langu lilipelekwa kwenye mkanda ulio ng'ambo ya uhamiaji, nami sikuwa na viza ya kuingia, kwa kuwa nilijiona mpita njia tu. Nilisimama mbele ya afisa nikiwa nimeshika kile kikaratasi cha mzigo, sanduku likizunguka peke yake upande wa pili wa ukuta, hadi ndege ikaondoka. Shirika la pili halikunirudishia hata senti, kwani kwao nilikuwa abiria ambaye hakutokea. Nilikuwa nimeokoa dola 110; tiketi mpya ilinila dola 780. Nilipompigia wakala, alinijibu, "Pole mzee, ungekimbia." Ningekimbilia wapi, ukutani?

Mrudie wakala wako leo, umuulize kama safari zote mbili zitakuwa chini ya namba moja ya tiketi, ile yenye tarakimu 13, na kama sanduku utakalolikabidhi Entebbe utalipokea Guangzhou kwenyewe. Akianza kukueleza habari za kilomita, chukua pasipoti yako uondoke.