Nakala mbili hazilingani, niandike?

SWALI: Shikamoo mama fundi. Nina ThinkPad X230 ya mtumba, natumia Linux. Sasa nataka kutoa BIOS yake niweke coreboot, ili hata programu inayoiamsha mashine iwe ya wazi, yaani msimbo wake usomwe na yeyote. Nimefungua, nimebana kibanio kwenye chipu ya juu, nimesoma mara mbili kwa Raspberry Pi Pico, kibao kidogo cha elektroniki. Mafaili yana ukubwa sawa lakini ndani yanatofautiana. Rafiki yangu anasema niiandike tu coreboot kwenye chipu. Niandike?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiandike.

Chipu haibadiliki kati ya kusoma mara ya kwanza na ya pili. Mafaili yakitofautiana, angalau moja limeharibika njiani, na hujui ni lipi. Tena njia inayoharibu kusoma ndiyo hiyohiyo utakayopitishia maandishi.

Anza na nyaya. Zikiwa ndefu kuliko kiganja chako, zikate. Toa kibanio, pangusa miguu ya chipu kwa spiriti, ikauke, bana upya ukikisukuma chini wima. Faili likijaa FF tupu, yaani kila baiti ni ileile, ujue huenda kibanio hakijagusa vizuri. Halafu punguza kasi ya kusoma kwenye flashrom, ile programu ya kusomea na kuandikia chipu. Chaja na betri kubwa viwe nje, na ile ndogo ya saa pia.

Kagua na waya wa umeme. Uwe kwenye pini ya 36 ya Pico, inayotoa volti 3.3. Pini ya 40 inatoa volti 5, nayo itaiua chipu. Hapo naomba uhesabu pini kwa kidole, mara mbili.

Nakusisitizia nakala kwa sababu iliniokoa. X230 ya kwanza niliyoifanyia kazi hii hapa Mwanga ilikuwa ya mteja, mwalimu. Pico nilikuwa nimeichomeka kwenye kompyuta ya mezani. Umeme ukakatika katikati ya kuandika. Uliporudi, mashine ya mwalimu ikawa nyeusi ti, hata nembo haitokei. Nilikaa na ile nakala ya zamani nikairudisha kwenye chipu, na kioo kikawaka. Nililia, sioni aibu kusema. Tangu siku hiyo naandikia kutoka mashine yenye betri iliyojaa.

X230 ina chipu mbili. Iliyo karibu na kioo ni ya megabaiti 4, na faili lake lazima liwe baiti 4,194,304 kamili. Hiyo ndiyo utakayoiandika. Ya megabaiti 8 isome, uhifadhi nakala, kisha iache. Ndani yake imo programu ya Intel isiyo wazi, na coreboot haiiondoi. Kwa hiyo uwazi unaoutafuta utaupata kwa sehemu kubwa, si wote. Bado naona inafaa. Kazi aliyoianza Ron Minnich pale Los Alamos, Marekani, mwaka 1999, ikiitwa LinuxBIOS kabla ya kubadilishwa jina kuwa coreboot, leo kijana wa Ujiji anaweza kuisoma mstari kwa mstari.

Ukipata nakala tatu zinazofanana, linganisha kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kila faili, weka kwenye flashi mbili, moja mpe mama yako aitunze. Hapo andika.

Zikizidi kutofautiana, niletee mashine ikiwa wazi hivyohivyo, pamoja na mafaili yote, hata yale mabaya. Nitaangalia baiti zinaanza kupotea wapi.