Wadudu Wawili, Miguu Hakuna

SWALI: Tumekuta vidudu vya rangi ya kahawia kwenye mishono ya godoro. Mke wangu anasema ni kunguni, mama mkwe anasema papasi, mimi nasema wadudu tu, yatosha. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mkeo. Kama ni bapa, hawaruki, wana miguu sita na wamejibanza kwenye mishono na chaga, hao ni kunguni. Papasi ana miguu minane, ni wa ukoo wa kupe, na makao yake ni nyufa za nyumba ya udongo. Mama mkwe usimcheke. Nyumba za udongo huenda anazijua kuliko wewe. Mwenye kosa ni wewe na "wadudu tu" yako.

Neno lenyewe halina hatia. Mzizi ni -dudu: akinenepa ni dudu, akipungua ni kidudu, akiwa mbea ni kidudu mtu, na huyo hana dawa dukani. Ila siku hizi limemeza kila kitu. Mende mdudu, fukusi mdudu, tandu mdudu. Baa ukiagiza mdudu unaletewa nguruwe na ndizi za kukaanga. Hilo la baa nalivumilia.

La zahanati ndilo linalonichefua. Mtu anatoka maabara na cheti mkononi: "Nina malaria, wadudu wawili." Wawili! Mtu mzima, damu lita tano, kaangushwa kitandani na wadudu wawili, tena waliohesabiwa wakipita mlangoni. Jirani naye: "Afadhali wewe, mwanangu alikuwa nao kumi." Jamani, kile ni kimelea, kiumbe cha seli moja, hakina mguu wala bawa. Maabara huvihesabu chini ya hadubini kwa kuvilinganisha na chembe nyeupe za damu, aghalabu 200. Hao "wawili" ni wa kwenye kioo. Mwilini vimo kwa mamilioni. Mdudu halisi wa kisa hicho ni mbu, na cheti hakimtaji.

Vita hivi nimeshashindwa, najua. Wauguzi wenyewe husema hivyo, na mgonjwa anayetetemeka hafundishwi msamiati.

Lakini wewe huna homa. Sema kunguni, na ni kunguni wengi, si "kunguni nyingi". Na dukani utaje jina, maana ukisema "wadudu" utauziwa dawa ya mende.