Seva isiyozimwa si ya kujisifia

Hapa Tanga wapo mafundi wanaojisifu kwamba seva zao hazijazimwa tangu mwaka jana. Mimi nikisikia hivyo huingiwa na wasiwasi. Masasisho ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo unaoendesha mashine, hukaa kwenye diski tu. Inayofanya kazi ni ile ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu, mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Kabla ya hapo umenunua kufuli jipya ukaliacha dukani. Zipo huduma za kutia viraka bila kuzima, ila ofisi ndogo ninazozihudumia hazinazo. Ajabu ni kwamba mwenye UPS mbovu ana nafuu hapa: umeme ukikatika, kerneli mpya inaamka nao ukirudi.

Moja ya seva ninazozitunza ni ya kituo cha mafunzo ya kompyuta Ngamiani, na kila mwanafunzi ana akaunti yake humo. Mwenye kituo, mama mtu mzima, aliniuliza: "Mwanangu, si hawa wana akaunti za kawaida tu? Watafanya nini?"

Nikamweleza kwamba anayemzuia mwenye akaunti ya kawaida asiwe root, yaani mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote, ni kerneli yenyewe. Kerneli ikiwa na tundu la usalama, hakuna kingine cha kumzuia.

Chukua tundu lililoitwa Dirty Pipe, alilolitangaza Max Kellermann Machi 2022. Alilifikia kwa kufuatilia faili za wateja zilizokuwa zikiharibika bila sababu ya kueleweka. Faili la /etc/passwd, lenye orodha ya akaunti za mashine, kila mtumiaji anaruhusiwa kulisoma. Kwa tundu lile, mwenye ruhusa ya kusoma tu aliweza kuandika juu ya nakala ya faili hilo iliyomo kwenye kumbukumbu, akaondoa nenosiri la root na kuingia. Tena mabadiliko yale hayakulazimika kufika kwenye diski, kwa hiyo baadaye ungeweza kulikagua faili ukalikuta zima. Kerneli zilizoathirika ni kuanzia 5.8, na tiba ilikuja katika 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Tundu jingine, Dirty COW la 2016, lilikuwa kongwe kuliko hilo: lilikuwa limekaa ndani ya kerneli tangu 2007.

Wala usidhani umesalimika kwa kuwa hujampa mtu akaunti. Tovuti yako ikiwa na programu-jalizi mbovu, mvamizi anaingia kama www-data, mtumiaji asiye na nguvu yoyote. Tundu la kerneli linammalizia safari.

Unapokagua, usiishie kwenye `uname -r`, amri inayoonyesha namba ya kerneli inayofanya kazi. Debian na Ubuntu, ambazo ni aina za Linux, hutia viraka kwenye matoleo ya zamani bila kuyapandisha namba kubwa, kwa hiyo namba peke yake inaweza kukutisha bure au kukupa matumaini ya uongo. Kwenye Debian, `uname -v` huonyesha toleo kamili la kifurushi na tarehe yake. Lilinganishe na tangazo la usalama la Debian. Kwenye Ubuntu, ukiliona faili la /var/run/reboot-required, jua kuna sasisho linalokusubiri uwashe upya.

Kama hutumii kontena (programu zinazoendeshwa zikiwa zimetengwa), weka pia `user.max_user_namespaces=0` kwenye mipangilio ya kerneli, ili watumiaji wasiweze kujifungulia maeneo yao yaliyotengwa (user namespaces). Tundu la 2024 katika nf_tables, sehemu ya kerneli inayochuja mtandao (namba yake CVE-2024-1086), kwa kawaida lilimhitaji mtumiaji wa kawaida ajifungulie kwanza eneo kama hilo. Usifanye hivyo kwenye kompyuta za mezani bila kujaribu, maana vivinjari hutegemea maeneo hayohayo kujikinga.

Kituoni tumekubaliana kuzima Ijumaa adhuhuri, watu wakienda msikitini. Chumba kinakuwa kitupu na hakuna kazi ya mtu inayopotea. Kerneli ya nyuma usiifute siku hiyohiyo. Ibakize moja, kwa sababu mpya ikigoma kuitambua kadi ya mtandao, utaichagua ile ya zamani kwenye menyu ya GRUB, inayotokea mashine ikiwaka, na darasa la saa tisa litaendelea.