Mwanafunzi Wangu Hujibu "Ndiyo" kwa Kila Swali

SWALI: Ndugu Mshauri, ninafundisha piano, kila mwanafunzi dakika 30 kwa wiki. Nimeshauriwa niwaulize wanafunzi maswali badala ya kuwaelekeza kila kitu, lakini nikiuliza, "Umeelewa?" au "Hapo umepiga sawasawa?" hujibiwa "ndiyo" au kimya, na wiki inayofuata kosa lile lile hurudi. Je, maswali haya hayatupotezei muda mchache tulio nao?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, swali lako linagusa jambo lililonisumbua mimi pia kwa muda mrefu. Maswali uliyoyataja hayamtaki mwanafunzi aseme alichosikia, yanamtaka akuridhishe. Akiulizwa kama ameelewa, anajua jibu litakalokufurahisha, naye hulitoa. Akiulizwa kama amepiga sawasawa, hutambua mara moja kwamba amekosea, akaanza kubahatisha unachokitaka wewe, ilhali sauti aliyoitoa mwenyewe ameshaiacha nyuma.

Swali la wazi, yaani lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana" tu, humrudisha kwenye sauti hiyo. Niliwahi kumfundisha kijana aliyeongeza kasi kila alipofika katikati ya wimbo. Kwa wiki kadhaa nilimwambia asikimbie, naye alitulia mbele yangu na kukimbia tena akirudi wiki iliyofuata. Siku moja nikamuuliza, "Umesikia nini kuanzia pale mkono wa kulia unapopanda?" Akafikiri, kisha akasema mapigo yalibanana. Nikamuuliza yalianza kubanana wapi. Hakujibu kwa maneno, bali alipiga tena polepole, akasimama kwenye noti ambayo kidole gumba hupita chini ya vidole vingine, akasema, "Hapa. Naogopa kitachelewa, kwa hiyo nakiwahisha." Kumbe muda wote nilikuwa nikihangaika na kasi, na tatizo lilikuwa kwenye kidole kimoja! Tulifanyia mazoezi upitishaji wa kidole hicho peke yake, na mwendo ukatulia bila mimi kuutaja tena.

Tazama kwamba swali la pili lilitoka ndani ya jibu la kwanza. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu mwalimu anaweza kuwa na maswali mazuri aliyoyaandaa nyumbani na bado asimsikie mwanafunzi, ikiwa anawaza swali linalofuata huku mwenzake akiwa bado anazungumza. Lishike neno lake jinsi alivyolisema. Akisema "kubanana", endelea na kubanana. Istilahi ya kitaalamu itakuja baadaye, ikiwa na kitu cha kushikilia.

Kisha subiri. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, ambaye matokeo yake kuhusu madarasa ya sayansi yalichapishwa katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba walimu walizoea kusubiri takribani sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijitokeza kusema. Kwetu sisi kimya hicho kinahitajika zaidi, kwa kuwa mwanafunzi hana budi kwanza kuusikia upya muziki kichwani. Jihadhari hasa na mkono wako, maana mara nyingi huwa umeshafika kwenye piano kumwonyesha kabla hajafungua kinywa.

Epuka pia kuanza na "kwa nini". "Kwa nini umeharakisha?" humfanya ajitetee, lakini "Nini kilitokea hapa?" humpa nafasi ya kuchunguza.

Kuhusu muda, si kila jambo liulizwe. Jina la noti asiyoijua, au mkao unaomuumiza kifundo cha mkono, mwambie moja kwa moja. Chagua sehemu moja tu ya wimbo katika kila somo, mizani miwili au mitatu (yaani vipande vifupi vya mapigo), umuulize hapo kwa utulivu.

Na akijibu "sijui", kama watakavyojibu wengi mwanzoni, usimpe jibu wala usimkazanie. Mwombe apige sehemu ile ile mara mbili, kwa sauti kubwa na kisha kwa sauti ndogo, halafu akuambie ni ipi aliyoipenda. Hata mtoto mwenye haya huweza kuchagua, na akishachagua utakuwa na la kumuuliza: ameipendea nini.